Sheikh Rifaa At-Tahtawi, Mwanachuoni Aliyejifunza Kifaransa

Baadhi ya ndugu wanaohudhuria darsa yetu wametuuliza iwapo yafaa kwa mwanafunzi wa dini, ambaye hata nahau ya Kiarabu bado hajaimaliza, kuutoa wakati wake kwa kujifunza lugha ya wageni. Wanaouliza si wajinga. Wamewaona vijana walioingia katika Kiingereza wasirudi. Vijana ambao leo hawawezi kumwandikia mama yao barua ya Kiswahili kilichonyooka, na wakifunguliwa msahafu mbele yao hubabaika. Hofu hiyo twaijua, kwani sisi nasi tulilelewa ndani yake. Kwa hiyo hatupendi kujibu kwa hoja tupu. Tumeona bora tuwasimulie ndugu zetu maisha ya mwanachuoni mmoja wa Misri, aliyesoma Al-Azhar, akajifunza Kifaransa akiwa mtu mzima mwenye elimu yake, kisha akaitumikia lugha ya Kiarabu kwa Kifaransa hicho kuliko wengi waliokaa kwao wasijue ila Kiarabu. Huyo ni Sheikh Rifaa Rafi At-Tahtawi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1801, sawa na mwaka 1216 wa Hijra, katika mji wa Tahta, kusini mwa Misri, kwenye nchi waiitayo Saidi. Watu wake walikuwa masharifu, nasaba yao yafika kwa Sayyidna Husein, na zamani walikuwa na neema. Lakini Muhammad Ali Pasha, aliyeishika Misri tangu mwaka 1805, aliwanyang'anya watu wa namna yao mapato ya ardhi waliyokuwa wakiyategemea, na baba yake Rifaa akawa mtu wa kuhama mji hata mji kutafuta riziki. Mtoto akahifadhi Qur'ani katika kuhama huko. Baba alipofariki alirudi Tahta kwa wajomba zake, nao walikuwa watu wa elimu, wakamsomesha matini wanazosomeshwa watoto mpaka leo. Mwaka 1817 akaingia Al-Azhar mjini Cairo.

Hapo alikutana na mwalimu ambaye lau si yeye tusingekuwa na habari hii ya kuandika. Naye ni Sheikh Hasan Al-Attar. Wafaransa walipoivamia Misri mwaka 1798 chini ya Napoleon, Sheikh Al-Attar alikimbia kwanza kwenda Saidi kama walivyokimbia wengi. Aliporudi Cairo akakuta kwamba jeshi lile limekuja na wanachuoni wao, wenye vitabu na vyombo vya kupimia, nao wanataka mtu wa kuwafundisha Kiarabu. Akaingiliana nao, akawafundisha, na akaviona walivyonavyo. Wenzake wengine waliviona vitu vile vile wakastaajabu, na mambo yao yakaishia hapo. Yeye alitoka na jambo moja moyoni mwake ambalo hakuliacha maisha yake yote, kwamba nchi yake haina budi kubadilika na kupata elimu ambazo haina. Kisha akasafiri miaka mingi katika nchi za Waturuki na Sham, na mwisho wake, miaka michache kabla ya kufa mwaka 1835, alikuwa ndiye Sheikh wa Al-Azhar yote. Huyu ndiye aliyempenda kijana Rifaa, akamruhusu kusoma naye nyumbani kwake vitabu vya historia na jiografia na adabu, ambavyo katika msikiti havikuwa na halaka.

Rifaa alisoma, kisha akasomesha. Lakini elimu haikumpa chakula, na mwaka 1824 akakubali kuwa imamu na muwaidhi katika kikosi kimoja cha jeshi jipya la Pasha. Miaka miwili baadaye Pasha alitaka kupeleka Ufaransa kundi la vijana, kiasi cha watu arubaini na wachache, wakajifunze uhandisi na utabibu na mambo ya vita na utawala; nao walihitaji imamu wa kuwasalisha na kuwakumbusha dini yao. Sheikh Al-Attar akamtaja mwanafunzi wake, na akamuusia jambo moja, aandike kila atakaloliona. Na tuangalie vizuri hapa, maana ndipo penye ajabu ya habari hii. Rifaa hakupelekwa kujifunza Kifaransa. Alipelekwa awachunge wengine. Lau angekaa Paris miaka mitano akisalisha tu na kupokea mshahara wake, hakuna ambaye angemlaumu.

Waliondoka Iskandaria mwezi wa Aprili 1826 katika jahazi la kivita la Wafaransa, wakashuka Marseille mwezi wa Mei, wakawekwa karantini kama ilivyokuwa desturi kwa kila atokaye mashariki, kwa kuogopa tauni. Na hapo hapo Marseille, Rifaa akaanza alifu kwa ujiti. Mtu wa miaka ishirini na minne, aliyekwisha somesha nahau na balagha katika msikiti mkubwa kuliko yote ya Misri, alikaa mbele ya herufi za Kifaransa kama mtoto wa siku yake ya kwanza chuoni. Kwa muda wa kama siku thalathini akazijua kuzisoma na kuziendeleza. Twadhani wengi miongoni mwetu hushindwa na lugha ya pili kwa sababu hii moja tu. Akili tunayo, lakini hatupendi kuonekana tukikosea mbele ya watoto.

Walipofika Paris walikalishwa wote pamoja katika nyumba moja. Hapo jambo likaharibika, nalo lastahili kujulikana na kila atakaye kujifunza lugha. Walikuwa wakisoma Kifaransa saa za masomo, lakini wakitoka darasani walizungumza wao kwa wao Kiturki na Kiarabu. Na mwaka karibu ukapita nao hawajakipata Kifaransa cha maana. Wasimamizi wakatambua, wakawatawanya, huyu katika nyumba ya mwalimu huyu na yule katika nyumba ya yule, wale na Wafaransa, waombe chumvi kwa Kifaransa au waikose. Hapo ndimi zikafunguka.

Rifaa hakutosheka na masomo aliyopangiwa. Kutoka katika posho yake mwenyewe alimlipa mwalimu wa ziada, na vitabu alinunua kwa fedha yake. Alisoma usiku kwa taa mpaka jicho lake la kushoto likadhoofika. Tabibu akamkataza kusoma usiku, wala hakukatazika. Msimamizi wa kundi lile, Edme-François Jomard, ambaye naye alikuwa amekuja Misri na Napoleon katika ujana wake, alipomwona hivyo akamtenga kwa kazi ya tarjuma. Tangu hapo imamu akawa mwanafunzi kama wengine. Alisoma historia na jiografia, hesabu na mantiki, na vitabu vya Montesquieu, Rousseau na Voltaire. Akajuana pia na Silvestre de Sacy, mkuu wa Wafaransa waliokuwa wakijua Kiarabu, akaona kwamba mtu yule amekizamia Kiarabu cha vitabuni mpaka akakifasiri kwa ufundi, ijapokuwa ulimi wake ulikuwa mzito katika mazungumzo. Jambo hilo lilimfunza Rifaa kitu. Alikuwa amelelewa kudhani, kama tulivyolelewa sisi, kwamba Kiarabu hakifahamiki ila kwa aliyezaliwa nacho au aliyekalia mkeka wa msikiti. Sasa amemwona Mnasara aliyekifahamu kwa bidii tu. Basi ikawa hana udhuru wa kushindwa na Kifaransa.

Na hapa tupumzike kidogo tutazame lugha ile ilimpa nini, maana watu hudhani kwamba faida ya lugha ya pili ni kuzungumza na wageni na kupata kazi. Alichokipata Rifaa kwanza kilikuwa ndani ya lugha yake mwenyewe. Ndugu zetu waliosoma wajua jinsi tusomavyo: kuna matini, juu yake sherehe, juu ya sherehe kuna hashia, na pengine juu ya hashia maelezo mengine, na mwanafunzi wa fiqhi hukesha juu ya irabu ya neno moja, mas'ala yenyewe akayafikia amekwisha choka. Rifaa hakuwahi kuliona hilo kuwa ni ajabu, kwa kuwa samaki haoni maji. Alipoweza kusoma Kifaransa alikuta kitabu cha hesabu chazungumza hesabu tu, na asomaye hana haja ya kusimama kuyafungua maneno. Nguvu zake zote zaingia katika elimu yenyewe. Akaandika kwamba hiyo ni moja ya sababu za watu wale kutangulia katika elimu. Pia aliona kwamba kila lugha ina sarufi yake na kanuni zake za ufasaha, na kwamba fani hizo si za Waarabu peke yao. Hakusema kwa hayo kwamba Kifaransa ni bora kuliko Kiarabu. Alikisifu Kiarabu mpaka mwisho wa umri wake. Lakini aliona kwamba njia ya kukifundisha yaweza kusahilishwa, na miaka arubaini baadaye yeye mwenyewe aliandika kitabu cha nahau nyepesi kwa watoto wa shule. Mbegu ya kitabu kile ilipandwa Paris.

Cha pili, aliweza kusoma wenyewe wanasema nini wao kwa wao. Mwezi wa Julai 1830 majeshi ya Ufaransa yaliiteka Algiers. Rifaa alikuwa Paris, na magazeti alikuwa akiyasoma. Akasoma jinsi askofu mkuu wa mji alivyompongeza mfalme kwa ushindi ule na kuufanya kuwa ni wa Wakristo juu ya Waislamu. Rifaa akaandika kwamba vita vile asili yake ilikuwa ni siasa na biashara na ugomvi uliotokana na kiburi, na kumlaumu askofu kwa kuvivika nguo ya dini. Siku chache baadaye watu wa Paris walimwinukia mfalme wao Charles X, wakamwondoa katika muda wa siku tatu, na nyumba ya askofu yule ikavunjwa na kuporwa; habari zote hizo akazieleza kwa urefu, mfalme ameondolewa kwa sababu gani, na sheria yao ya msingi yasema nini. Sheria hiyo aliitarjumu yote kwa Kiarabu, kifungu baada ya kifungu, na akafasiri kwamba kile wakiitacho wao uhuru ndicho sisi tukiitacho uadilifu na insafu. Hata hivyo hatufichi kwamba juu ya Algiers twamwona alipita upesi mno. Nchi ya Waislamu ilikuwa imeingia katika utumwa wa miaka mia na thelathini na mbili, naye aliyezungumza habari za mapinduzi kwa kurasa nyingi hakuipa Algiers ila maneno machache. Pengine aliogopa, Pasha wake alikuwa rafiki wa Wafaransa. Pengine hakuona mwisho wake, na nani angeuona mwaka ule?

Wala hakuvipokea vitabu vya Wafaransa kwa macho yaliyofumbwa. Alionya kwamba katika falsafa yao mna mambo yanayopingana na vitabu vya mbinguni, yamepambwa kwa hoja ambazo si rahisi kuzijibu, na kwamba atakaye kuingia humo sharti kwanza awe imara katika Qur'ani na Sunna. Hili ndilo jawabu kwa ndugu waliotuuliza, na tazameni kwamba aliyelitoa ni mtu aliyeingia mwenyewe na akatoka salama. Hakuna haja ya kuwakumbusha watu wa darsa habari ya Zaid bin Thabit, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asitegemee wengine katika barua zake, naye akayajua kwa nusu ya mwezi. Na huyo huyo Zaid ndiye aliyekabidhiwa kuikusanya Qur'ani. Lugha ya Mayahudi haikumpunguzia kitu.

Rifaa alitahiniwa mwezi wa Oktoba 1830, akaweka mbele ya watahini tarjuma kumi na mbili, vitabu na sehemu za vitabu, alizozifanya katika muda wake wa Paris. Mwaka 1831 akarudi Misri, akapewa kazi ya tarjuma katika shule ya utabibu ya Abu Zaabal.

Shule hiyo yataka maelezo, kwani ndani yake mna kiini cha mambo. Ilianzishwa mwaka 1827. Walimu walikuwa Wazungu wasiojua Kiarabu. Wanafunzi walikuwa vijana wa Al-Azhar wasiojua neno la Kifaransa. Baina yao akasimama mtarjumu, na mara nyingi alikuwa Mkristo wa Sham, ambaye alikijua Kifaransa na alizungumza Kiarabu, lakini Kiarabu chake cha kuandika kilikuwa dhaifu, na utabibu hakuusoma. Basi mwalimu husema sentensi, mtarjumu huigeuza, wanafunzi huandika. Na kitabu kilipotakiwa kupigwa chapa, baada ya mtarjumu alikuja sheikh wa Al-Azhar, musahihi, aliyejua Kiarabu barabara lakini Kifaransa hakijui, akainyoosha ibara. Mara nyingine ibara iliponyooka maana ilikuwa imekwisha pinda, wala hapakuwa na mtu mmoja baina yao awezaye kulijua hilo, kwa kuwa kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba, na katikati hakuna aonaye.

Sisi twaijua kamba hiyo. Tulianza kujifunza Kiingereza tukiwa tumekwisha ota ndevu, kwa kitabu cha watoto, na sababu yake ilikuwa barua moja. Mzee mmoja wa kike wa mtaani alituletea barua ya Kiingereza juu ya nyumba iliyowekwa wakfu na babu yake. Hatukuweza kuisoma. Tukamwita kijana aliyemaliza shule, naye akaisoma vizuri kwa sauti, akatuambia kwamba ni habari ya kodi ya ardhi. Kumbe barua ilitaka ushahidi wa wakfu uletwe kabla ya siku iliyotajwa. Kijana alikijua Kiingereza lakini hakujua wakfu ni kitu gani, wala hakujua kwamba neno alilolipita lilikuwa ndilo hilo. Nasi tulikuwa tumesomesha mlango wa wakfu miaka mingapi, na barua tuliishika mikononi. Siku ikapita. Yule bibi hakutulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Rifaa alikuwa mtarjumu na musahihi katika kichwa kimoja. Upya wake ulikuwa huo. Wasemao Kifaransa walikuwako Misri kabla yake, na wajuao Kiarabu walijaa. Lakini mtu aliyevijua vyote viwili hata akaweza kupima neno hili kwa lile hakupatikana. Mwaka 1834 matbaa ya Bulaq ilichapa kitabu chake cha safari ya Paris, alichokiita Takhlis al-Ibriz fi Talkhis Bariz, na Sheikh Al-Attar akakiandikia sifa. Kikatarjumiwa kwa Kiturki pia, Pasha akataka watumishi wake wakisome. Na katika kitabu hicho msomaji humwona mtu akihangaika kutafuta maneno. Mchezo wa jukwaani aliuona Paris, na neno la Kiarabu hakulipata, akaliacha neno la Kifaransa kwa herufi za Kiarabu na kulieleza. Magazeti pia aliyaita kwa jina la kigeni. Hata neno mwanachuoni lilimtaabisha, kwa sababu kwao aitwaye hivyo si padri wao bali ni mjuzi wa elimu za dunia, ikambidi awaonye wasomaji wasikosee.

Lakini mtu mmoja hatoshi nchi nzima. Rifaa akamwambia Pasha kwamba yafaa iwepo shule ya kuwafanya watu wa namna hiyo kwa wingi. Muhammad Ali hakuwa mtu wa vitabu. Kusoma kwenyewe alijifunza akiwa amepita umri wa miaka arubaini, na elimu aliitaka kwa ajili ya jeshi lake. Hata hivyo alikubali, na mwaka 1835 ikafunguliwa Shule ya Lugha, Madrasat al-Alsun, katika jumba la Azbakiya mjini Cairo, na Rifaa akawa mkuu wake. Wanafunzi aliwachagua kutoka vijijini na katika vyuo. Walisoma Kifaransa na Kiturki, baadaye na Kiajemi, Kitaliana na Kiingereza. Lakini Kiarabu kilikuwa juu ya vyote, kikisomeshwa na masheikh wa Al-Azhar, na pamoja nacho fiqhi na sheria za Wafaransa, historia na jiografia. Mwaka 1841 ikaongezwa idara ya tarjuma. Mwanafunzi alikuwa akitarjumu kitabu kizima, mwalimu akakipitia, kisha kikapelekwa Bulaq. Mwaka 1842 Rifaa akakabidhiwa pia gazeti la serikali, Al-Waqai al-Misriya, ambalo Kituruki kilikuwa kimekaa upande wa kulia na Kiarabu kikafuata kama mtumishi. Akakihamisha Kiarabu upande wa kulia. Huyu ndiye mtu aliyehofiwa kwamba Kifaransa kitamtoa katika lugha yake.

Muhammad Ali alikufa mwaka 1849, na utawala ulikuwa umekwisha shikwa na mjukuu wake Abbas, ambaye hakuzipenda shule zile wala watu wake. Shule ya Lugha ikafungwa, na mwaka 1850 Rifaa akaambiwa aende Khartoum akawe mkuu wa shule ya watoto. Jina lilikuwa uteuzi, maana yake ilikuwa kufukuzwa. Walikwenda naye walimu kadhaa. Baadhi yao walikufa huko kwa maradhi, akiwemo Muhammad Bayumi, mwalimu wa hesabu aliyekuwa naye tangu Paris. Mtu wa miaka hamsini, aliyezoea matbaa na wanafunzi mia, alikaa miaka minne pembezoni mwa Nile hana kitabu kipya wala mwenzi wa kuzungumza naye.

Huko ndiko lugha ya pili ilipomlipa kwa namna ambayo hakuna aliyemwahidi. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa, kisa cha Telemak, alichokitunga Fénelon kwa ajili ya kumfundisha mjukuu wa mfalme Louis wa Kumi na Nne. Ni hadithi ya kijana mwana wa mfalme asafiriye na mwalimu wake, na katika kila nchi akaonyeshwa mfalme mwadilifu na mfalme dhalimu, na mwisho wa kila mmoja wao. Louis mwenyewe hakukipenda kitabu kile kilipotoka mwaka 1699, kwa kuwa alijiona ndani yake. Rifaa akakitarjumu chote. Kusema juu ya Abbas hakuweza. Lakini Fénelon aliweza kusema, na Rifaa hakufanya ila kutarjumu. Kitabu kile kilipata kupigwa chapa mwaka 1867, tena Beirut, si Cairo.

Abbas aliuawa mwaka 1854, Rifaa akarudishwa na Said. Miaka iliyobaki aliifanyia kazi nyingi, nasi hatutazihesabu zote. Tutataja mbili, kwa sababu watu huzisahau. Ya kwanza ni kwamba mtu huyu wa Kifaransa ndiye aliyesimama kutaka vitabu vikubwa vya kale vya Kiarabu vipigwe chapa Bulaq, miongoni mwake Tafsiri ya Fakhrudin Ar-Razi, ambayo kabla ya hapo ilipatikana kwa maandishi ya mkono tu kwa wenye mali na wenye bahati. Ya pili ni sheria. Katika siku za Ismail yeye na wanafunzi wake walizitarjumu sheria za Napoleon kwa Kiarabu. Mmoja wa wanafunzi hao, Muhammad Qadri, alipokwisha kuona jinsi sheria inavyopangwa kwa vifungu na namba, akairudia fiqhi ya madhehebu ya Hanafi aliyoisoma, akaipanga milango ya ndoa na talaka na urithi kwa mpango ule, bila ya kutoka katika madhehebu. Kazi yake ilitokea mwaka 1875, na makadhi wa Misri wakaitumia miaka mingi. Mtu asiyejua Kifaransa asingewaza kuifanya. Na asiyejua fiqhi asingeweza.

Mwaka 1870 alipewa uhariri wa jarida la elimu, Rawdat al-Madaris, naye amekaribia miaka sabini. Akaandika kitabu cha malezi ya wasichana na wavulana pamoja, akataka binti asomeshwe kama ndugu yake, kikatoka katika siku zake za mwisho. Akafariki Cairo mwezi wa Mei 1873, sawa na mwaka 1290 wa Hijra. Shule yake iliyofungwa ilikuja kufufuliwa katika karne iliyofuata, na leo ni kitivo katika Chuo Kikuu cha Ain Shams mjini Cairo, nacho chaitwa bado kwa jina lile lile alilokipa yeye, Al-Alsun, yaani ndimi.